Makaratasi Arobaini ya Boke

Jumatatu, 5 Agosti

Boke, huna adabu. Miezi minane hujakanyaga hapa Nyakunguru, halafu unashuka kwenye pikipiki na begi la makaratasi ya maswali, na kabla hujanywa hata uji unaniuliza wanachuo wanachimba upande gani. Upande gani! Shikamoo umeitoa ukiwa umeshaanza kutembea. Bibi yako si kibao cha barabarani.

Naandika haya kwenye daftari ulilonipa niandike majina ya watakaorudisha makaratasi yako. Majina yataingia yakija. Hadi sasa hakuna hata moja, na daftari jipya haliwezi kukaa bure.

Nilivyoelewa ni hivi. Boke, mjukuu wangu, anasomea digrii ya pili. Tangu dhahabu itoke nyuma ya kilima mwezi wa tano, wanachuo wa digrii ya kwanza wamejaa kwenye maduara kuliko panya ghalani. Duara ni shimo la kuchimbia. Wengine waliingia humo hata likizo haijaanza. Boke anataka kujua mtu akishinda duarani saa nyingi, masomo yake yanakwendaje. Nikamwambia nitamjibu mwenyewe: vibaya. Akasema jibu langu ni moja tu, yeye anataka arobaini, ayaingize kwenye kompyuta, hesabu ndiyo imwambie.

Darasa la nne nilimaliza. Hesabu haijawahi kuniambia kitu.

Mwalimu wake amempa hadi Alhamisi ya wiki ijayo. Akipeleka, anapata nafasi ya kufundisha hapo chuoni. Akichelewa, anapewa mwingine.

Jumanne, 6 Agosti

Maajabu. Boke amepata orodha ya wanachuo wote walioko machimboni, mia moja na kumi na wawili. Akakata majina vipande vipande, akayatia kwenye kibuyu changu cha maziwa, akatikisa, akachomoa arobaini. Nikamuuliza kama ndivyo wasomi wanavyochagua watu. Akasema ndivyo, ili asipendelee. Nikamwambia achague wenye heshima. Akasema akiwachukua wenye heshima peke yao, hesabu itadanganya.

Akamchomoa Waitara wa Gorong'a. Waitara! Aliyekanyaga kuku wangu kwa pikipiki akasema kuku ndiye hakuangalia. Boke alipogeuka nikakirudisha kikaratasi chake kibuyuni. Akatikisa, akachomoa. Waitara tena.

Kibuyu hicho nimekipa miaka kumi na mitano ya kazi, leo kinanigeuka.

Mchana akaenda machimboni. Amerudi na mawili yaliyojazwa. Vijana wanaogopa. Karatasi inamuuliza mtu ni vipindi vingapi amekosa darasani, nao wanadhani itapelekwa kwa wazazi wao. Na anayewatia maneno ni Dorka. Dorka ni jirani yangu, mtu wa Sirari, nusu ya ndugu zake wako Migori, Kenya, ana kibanda cha chapati na samaki pale pale machimboni. Amewaambia karatasi kama hiyo haishikwi na mtu mwenye akili.

Sisi wawili hatujaelewana tangu aseme mbele ya kwaya nzima kwamba sauti yangu ingefaa kufukuzia nyani.

Alhamisi, 8 Agosti

Siku tatu, makaratasi sita. Boke hali vizuri. Leo ameacha ugali wa mtama, na dagaa nimekaanga mwenyewe. Anasema ameshiba. Ameshiba nini? Vumbi?

Regina, mama yake, alipotutoka, huyu mtoto alikuwa na miaka sita. Hakulia. Alizunguka uwanja mzima wa msiba, halafu akaja akanivuta kanga. Bibi, akasema, wamekuja watu mia mbili na wanne. Nikajua kwamba kwake hesabu ndiyo kilio.

Kwa hiyo asiniambie ameshiba. Nimemwona leo anahesabu yale sita, anayarudia kuyahesabu, kama vile yataongezeka.

Kesho natoka na fimbo yangu.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimetoka. Nimerudi. Kazi imekwisha.

Nilimkuta Waitara anatoka duarani, mweupe kwa vumbi kama aliyeangukia unga. Alinipa shikamoo nzuri, hilo nimwandikie. Nikamwambia mambo mawili tu, na yote ni kweli. La kwanza, Boke hajaolewa. La pili, kila karatasi Boke anaisoma mwenyewe, mstari kwa mstari. Basi. Nikaondoka polepole ili apate muda wa kufikiri na kuwaambia wenzake.

Sijadanganya mtu. Mtu akichukua jambo moja akajumlisha na jingine akapata harusi, hesabu ni yake.

Jumamosi, 10 Agosti

Wamekuja! Hadi saa sita mchana, vijana thelathini na wanne, kwa foleni, wameoga. Sijawahi kuona wachimbaji wenye kucha safi. Stanslaus alivaa koti la kaka yake, mikono ikaishia kwenye viwiko. Benedicto aliandika chini ya karatasi, mahali ambapo hapakuulizwa kitu, kwamba baba yake ana ng'ombe arobaini na hakuna anayechechemea. Hata wale sita wa kwanza walirudi wakaomba makaratasi yao, eti walikosea, wakajaza upya.

Dorka alipita na beseni lake, akasimama, akanitazama mimi, akawatazama wao. Akaniuliza nimewalisha nini. Nikasema heshima.

Boke alishangaa sana. Akasema labda sasa vijana wamemwamini. Nikasema kuaminiwa ni jambo kubwa. Amekula sahani mbili.

Nimelala vizuri leo kwa mara ya kwanza wiki hii. Naandika kabla sijalala, lakini najua.

Jumapili, 11 Agosti

Sikulala vizuri wala nini. Goti. Lakini si hilo.

Baada ya ibada Boke alifungua kompyuta, akaingiza arobaini wote, akabonyeza. Akabonyeza tena. Nikasogea. Akanionyesha. Vipindi ulivyokosa: sifuri, sifuri, sifuri, hadi chini. Saa unazokaa duarani kwa wiki: moja. Wote moja! Eti wanapita tu kusalimia. Matokeo ya mitihani: vizuri sana, wote arobaini, na Waitara akiwemo.

Nikasema si ndiyo vizuri, watoto wa watu wamefaulu. Akasema hapana. Hesabu inaishi kwenye tofauti. Huyu juu, yule chini, huyu katikati, ndipo unaweza kuuliza kwa nini. Nikamwambia aseme kwa kuku. Akasema ukitaka kujua chakula gani kinafanya kuku watage, halafu kila kuku anakuambia anataga kila siku, umejua nini? Nikasema nimejua kuku wanadanganya. Akasema ndiyo.

Wakati huo huo hodi. Mzee Nyangwine wa Kenyamonta, baba yake Benedicto, na ndugu yake, kofia kichwani, fimbo mkononi. Wametoka wilayani Serengeti alfajiri. Wakakaa, wakasifu nyumba, wakasema wamesikia hapa kuna binti anapokea maombi kwa maandishi, wakaona ni vizuri wazee nao waje kwa mdomo.

Boke akawapa maji. Akawasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Akawaeleza kwa upole kwamba kumetokea kosa. Wazee wakaondoka wakiwa na huzuni ya heshima. Akafunga mlango.

"Bibi, uliwaambia nini?"

"Ukweli."

"Ukweli gani?"

Nikamwambia yale mawili. Hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliyapanga makaratasi yote arobaini, akayanyoosha pembe, akayafunga kwa kamba kama mtu anayefunga nguo za marehemu.

Jumatatu, 12 Agosti

Asubuhi nimemkuta anapanga begi. Anasema atamwambia mwalimu kwamba imeshindikana.

Nikamwambia kalamu ipo. Tuweke vipindi viwili hapa, saba pale, tofauti itakuwepo, kompyuta itakula. Mbona kompyuta haimjui Waitara. Akakaa kitandani.

"Nikipeleka uongo, Bibi, nikipewa darasa nitasimama nifundishe nini?"

Mimi, Gati, ambaye nina jibu hata la mambo nisiyoulizwa, nikaiweka kalamu chini. Nikachukua fimbo.

Machimboni nilipanda juu ya karai lililofudikizwa. Nilipanda kwa shida. Wakaacha kazi. Nikasema mimi ni mzee na sijazoea kusema hivi, kwa hiyo nitasema mara moja. Boke hatafuti mume. Ni mimi niliyewaacha mfikiri hivyo. Kazi yake inakufa kwa sababu yangu. Anayetaka kunicheka acheke sasa amalize.

Walicheka. Waitara alikaa chini kwa kucheka. Stanslaus hakucheka, alikuwa anaangalia mikono ya koti.

Halafu nikasema andikeni upya, andikeni kweli. Hapo kicheko kikakatika. Kila mtu akaangalia viatu vyake. Nikajua nimeshindwa mara ya pili, na sasa mbele ya watu.

Aliyesogea ni Dorka. Nikajiandaa kwa maneno ya nyani. Akachukua sufuria lake kubwa la kukandia, akalifuta, akaliweka mezani na kifuniko.

"Msiandike jina. Tieni humu, mimi nitafunika. Mimi ndiye ninayewalisha, najua nani yuko hapa tangu Mei wakati wenzake wako darasani. Kuna mama yeyote nimeshampigia simu?"

Stanslaus akatikisa kichwa.

"Basi, shikeni kalamu."

Tulirudi njia moja, mimi na yeye. Nilimwambia chapati zake si mbaya. Akasema Jumapili niimbe taratibu kidogo.

Jumatano, 14 Agosti

Sufuria limefika. Arobaini kamili, yananuka mafuta. Boke amenikataza kusoma hata moja.

Nimesoma moja. Lilikuwa juu.

Limeandikwa kwa mkono wa haraka: nimekosa muhula mzima. Mama anadhani niko chuoni. Akipiga simu asikie kelele za mashine, namwambia ni ujenzi wa hosteli.

Nikalirudisha. Nikakaa kwenye kigoda. Sijui ni nani na sitaki kujua. Lakini mchana kutwa kila kijana aliyepita njiani nilimtazama nikamwona ndiye. Waitara alipopita nilimwita, nikamwambia mura, kijana wangu, njoo unywe maziwa. Alikunywa huku ananiangalia kwa wasiwasi. Akauliza amekosa nini tena. Nikamwambia anywe, na akimaliza ampigie mama yake simu. Nitawaambia hivyo wote.

Jioni kompyuta imekubali! Boke aliruka kama mtoto. Akaniita nione. Nukta nyingi kwenye kioo, kama ulezi uliomwagika kwenye ungo, zinateremka kutoka juu upande huu hadi chini upande ule. Kila nukta ni mtoto mmoja. Saa za duarani zikiongezeka, matokeo yanashuka. Nikasema si nilikwambia Jumatatu, vibaya. Akasema siyo yote, Bibi. Hadi saa kumi kwa wiki hakuna kinachobadilika. Ni baada ya hapo ndipo wanaanguka. Kwa hiyo mtu anaweza kwenda kwa mwanachuo kabla hajafika hapo, akamshika mkono.

Hilo sikulijua. Nimeishi hapa maisha yangu yote na sikulijua.

Juu kabisa, pembeni, palikuwa na nukta moja imekaa peke yake. Saa thelathini duarani kila wiki, wala hajakosa kipindi, na matokeo ya juu. Nikamuuliza kama hiyo ni takataka, tuifute. Akaigusa kwa kidole.

"Hatuitupi, Bibi. Tunaiuliza imewezaje."

Halafu akaweka kichwa chake begani kwangu, mtu mzima wa miaka ishirini na saba, tukaangalia ile nukta pamoja.

Alhamisi, 15 Agosti

Alipanda kilimani kutafuta mtandao, akatuma. Mwalimu amejibu kwamba imefika na ni kazi safi. Nilimwomba anisomee jibu mara tatu.

Kesho asubuhi anaondoka. Nimemwekea karanga, na kibuyu, kwa sababu anasema atahitaji kuchomoa majina tena. Niliahidi, mkono juu ya kibuyu hicho hicho, kwamba sitaingilia tena mambo ya ndoa yake. Nimeahidi na nimeahidi.

Lakini ile nukta.

Saa thelathini shimoni, na vipindi vyote. Huyo analala saa ngapi? Anafua na nani? Mtu wa namna hiyo hawezi kuachwa akae peke yake pembeni pale juu, hata Boke amesema aulizwe. Na Boke kule chuoni anapika chakula cha mtu mmoja. Nimeliona sufuria lake, halitoshi hata yai la pili.

Karatasi yake niliitafuta Boke alipokuwa kilimani, nikaijua kwa saa zilizoandikwa, na ina alama ya gumba la mafuta ya chapati, pana, kama la mtu anayeshika kazi. Makaratasi yote Boke ameyafunga kwenye begi, sijachukua hata moja. Nimechora tu gumba hilo hapa chini kwa penseli, kwa kipimo chake.

Dorka, daftari hili nakuletea mwenyewe kesho pikipiki ikishaondoka. Pima magumba ya wote wanaokula kibandani kwako. Litakaloingia kwenye mchoro, mwambie mwenye nalo aje kwangu Jumapili baada ya ibada, na anyoe. Akiuliza kuna nini, mwambie ni hesabu tu.