Habari za Figo, Wodi ya Macho

Jumatatu, 10 Machi

Mtihani wa kuingia chuo cha udaktari ni Jumatatu ijayo. Wiki moja! Kitabu cha baiolojia kina sura ishirini na mbili. Nimesoma tatu, na mojawapo ni utangulizi.

Kosa si langu. Chuo hakitaki alama tu, kinataka na moyo. Kila mwombaji lazima awe amejitolea hospitalini, kisha msimamizi wake apigiwe simu aulizwe huyu ni mtu wa namna gani. Kwa hiyo kila alasiri niko wodi ya macho, nawasomea wagonjwa gazeti. Saa moja na nusu nzima! Na mimea sijaigusa.

Mama naye anawaambia majirani kwamba daktari wake yuko kazini. Mwaka jana aliwaambia hivyo hivyo, nikaufeli mtihani, na mama wa nyumba ya pili bado ananiita Dokta kwa ile sauti yake. Safari hii nikifeli itabidi nihame.

Mwenzangu wa kujitolea, ninayemwita Msafi kwa sababu koti lake halina hata mkunjo, ameshakimaliza kitabu mara mbili. Nikamuuliza muda anaupata wapi. Akasema anaamka mapema. Jibu la kuudhi kabisa.

Leo, nikiwa katikati ya bei za mbolea, nikainua macho nikawatazama wasikilizaji wangu. Mzee Fundi, mshonaji mstaafu, jicho moja lina bandeji na la pili halioni kitu. Bibi wa kitanda cha dirishani macho yote yana ukungu, anasubiri upasuaji Alhamisi. Wengine vivyo hivyo. Wodi nzima hakuna anayeona nilichoshika!

Wazo likanijia. Nimelikataa. Ni wazo baya, la mtu asiye na haya.

Kesho nitaficha kitabu cha baiolojia ndani ya gazeti.

Jumanne, 11 Machi

Imewezekana!

Nilianza kwa sauti ya mtangazaji: wataalamu wamesisitiza tena umuhimu wa ini. Kimya. Wanasikiliza! Mzee Fundi akauliza hiyo habari iko ukurasa gani. Nikasema leo ni toleo maalumu la afya. Nikamaliza ini lote, nikaingia kwenye figo. Na yanakaa kichwani! Kusoma kwa sauti kunasaidia kweli.

Mzee Fundi akakatiza, anataka matokeo ya mpira. Gazeti lenyewe lilikuwa chini ya kitabu. Kulichomoa ni kujiumbua. Nikaipa timu yake ushindi wa mabao manne kwa bila. Alipiga makofi, akaomba simu, akampigia mkwewe, shabiki wa wapinzani, kumkejeli. Niliona haya kidogo. Lakini furaha nayo ni dawa.

Kisha Bibi akaomba matangazo ya vifo. Huyaomba kila siku. Anasema ukifika umri wake, marafiki unawapata hapo tu. Nikasema leo hakuna. Akashangaa: nchi nzima? Nikasema nchi nzima. Akasema tumshukuru Mungu. Hapo haya ikaniingia sawasawa, nikashindwa kumtazama ingawa hanioni.

Nikakimbilia kwenye figo zinaposhindwa kazi. Miguu kuvimba, uchovu, kukosa hamu ya kula, kuwashwa mwili. Bibi akaniomba nirudie hapo pa miguu. Nikarudia kwa furaha. Kurudia ndiko kukariri!

Jumatano, 12 Machi

Balaa.

Nimefika nikakuta kitanda cha dirishani kimezungukwa na watu. Wanawe, wajukuu, mke wa mwanawe analia. Bibi amekaa kitako anagawa vitu vyake. Sufuria kubwa imekwenda kwa binti mkubwa, kabati kwa wa pili. Kwenye redio kumezuka ubishi.

Sista mkuu wa wodi akanivuta pembeni. Bibi amekataa upasuaji. Anasema hakuna haja ya kusafisha jicho linalokaribia kufumba moja kwa moja. Jana jioni alijipapasa miguu, akakuta imevimba. Hamu ya kula hana. Sista alikasirika: mtu anayekaa kutwa ukingoni mwa kitanda akining'iniza miguu, itaacha kuvimba? Na chakula chetu hiki, nani ana hamu nacho? Vipimo vyake vyote ni vizuri, lakini hasikii la mtu. Akaniuliza kama najua nani amemjaza habari za figo. Nikajikuna kichwa pasipowasha. Nikasema labda ni redio.

Nilipomsogelea Bibi, akanishika mkono. Akasema ameshaelewa. Daktari ameona vibaya kumwambia usoni, ndiyo maana amenituma mimi, kijana mwenye adabu, nimfikishie taratibu kwa njia ya gazeti. Akanishukuru. Alinishukuru! Akasema nina sauti nzuri ya kumfikishia mtu habari mbaya. Mkono wake una makovu ya moto, kwa sababu siku hizi anapika kwa kupapasa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilipaswa kusema ukweli pale pale. Lakini Sista alikuwa amesimama karibu, na chuo kitampigia simu Sista. Nikauona uso wa Mama. Nikaisikia ile sauti ya mama wa nyumba ya pili. Mdomo ukawa mzito. Badala yake nikakunjua gazeti nikasoma kwa nguvu: Masahihisho! Mhariri anaomba radhi. Dalili za figo zilizochapishwa jana hazimhusu mtu yeyote aliyezidi miaka sabini.

Bibi akatikisa kichwa. Akawaambia wanawe: "Mnaona? Hata gazeti limeanza kunionea huruma." Mke wa mwanawe akaangua kilio upya.

Daktari bingwa anafika kesho, na hatarudi tena mpaka katikati ya mwaka. Bibi asipokubali asubuhi, nafasi anapewa mwingine, naye anarudi nyumbani na ukungu wake, kwenye jiko lake. Kwa sababu yangu. Nimekataa chakula cha jioni. Mama amesema daktari lazima ale.

Alhamisi, 13 Machi

Nimesema.

Leo niliwahi asubuhi, nikamkuta Sista anajiandaa kulifuta jina la Bibi kwenye orodha ya upasuaji. Nikataka kumweleza faraghani. Nilikuwa nimetayarisha hotuba nzuri yenye neno "mkanganyiko". Hakuisubiri. Akasema kama ni mimi niliyemdanganya Bibi, basi nikamwambie Bibi.

Kwa hiyo nikasimama katikati ya wodi, mbele ya wanawe wote, na Msafi mlangoni na koti lake (angekosaje!), nikasema. Lile halikuwa gazeti. Kilikuwa kitabu changu cha mtihani. Daktari hakunituma. Nilisoma habari za figo kwa sababu nilikuwa sijasoma figo.

Mzee Fundi akauliza, kwa sauti ndogo, kuhusu mpira. Nikamwambia walifungwa. Akauliza mangapi. Nikasema matatu. Akajifunika shuka mpaka kichwani. Mkwewe anakuja kumwona leo jioni.

Bibi hakugomba. Afadhali angegomba. Aliuliza jambo moja tu: na vifo? Nikasema vilikuwepo. Akasema nivisome, vya juzi na vya jana. Sista akaniletea magazeti.

Nikasoma jina la kwanza. La pili. Nilipolitaja la tatu akaniambia nirudie. Nikarudia. Ni shoga yake wa tangu usichana. Waliolewa mwaka mmoja, wakalea watoto wao katika ua mmoja, mpaka mwenzake alipohamia kwa mwanawe, upande wa pili wa mji. Amefariki Jumatatu. Mazishi Jumatano saa nane mchana. Yaani jana. Saa nane mchana jana mimi nilikuwa nasoma masahihisho ya mhariri.

Nimeandika hapa sentensi kadhaa za kujitetea. Nimezikata zote. Nimemkosesha mtu kumzika rafiki yake ili nisome kuhusu mkojo. Hakuna namna ya kulipamba hilo.

Bibi alilia bila sauti, muda mrefu. Binti mkubwa alinitazama, nikatazama sakafu. Kisha Bibi akajifuta kwa ncha ya shuka, akamwambia Sista wampeleke. Kama ameshindwa kumzika mwenzake, akasema, basi akawaone watoto aliowaacha, na awaone kwa jicho, si kwa kupapasa.

Ijumaa, 14 Machi

Bandeji ya Bibi imefunguliwa. Nilijibanza nyuma ya pazia. Bibi alitazama dari, akatazama dirisha, akawatazama wanawe mmoja mmoja na kuwaambia wamezeeka. Kisha akauliza msomaji yuko wapi. Ikabidi nijitokeze. Akanikagua kuanzia viatu hadi nywele, bila haraka.

"Kumbe ni kitoto tu," akasema.

Basi. Heri angenizaba kofi.

Sista aliniita ofisini. Chuo kikipiga simu atasema kweli tupu: kwamba nimefika kila siku, kwamba nimekiri kwa mdomo wangu, na kwamba nisiruhusiwe kumsomea mtu yeyote kitu chochote. Nikashukuru. Mpaka sasa sijajua kama hizo ni sifa. Mzee Fundi hanisemeshi. Msafi amenishauri niamke mapema.

Bibi anaruhusiwa kesho. Jumapili anakwenda kuwapa pole watoto wa shoga yake, na mimi ndiye wa kumsindikiza. Hakuniuliza, aliniarifu. Nimekubali kwa moyo wote. Nimekula kiapo: Jumapili yote ni ya Bibi. Sitafungua kitabu. Kuna mambo makubwa kuliko mtihani.

Jumamosi, 15 Machi

Nimesoma kutwa. Moyo, wote. Mapafu, nusu. Bado damu, neva na mimea. Mimea! Daktari gani anatibu mimea?

Mama amewaambia majirani kwamba nimeokoa jicho la mtu. Nikamwomba anyamaze. Akasema huo unyenyekevu ndio udaktari wenyewe. Mama wa nyumba ya pili akaja kunipa hongera, na safari hii aliniita Dokta kwa heshima kabisa. Nimeingia chumbani nikajifunika uso kwa mto. Ile sauti ya zamani ilikuwa afadhali.

Jumapili, 16 Machi

Binti mkubwa ndiye aliyetupeleka. Njia nzima hakunitupia neno, na sikumlaumu.

Nyumba ya msiba ilikuwa imejaa. Viti vimezungushwa ukutani, meza ya katikati imeondolewa. Bibi aliwashika watoto wa shoga yake nyuso, mmoja baada ya mwingine, akawatazama kwa karibu sana. Akasema yule wa mwisho amechukua pua ya mama yake. Wakalia wote. Nikalia na mimi. Kweli, nililia. Nikajiambia mimi si yule wa Jumatatu. Nimebadilika.

Kisha tukakaa. Na kukaa msibani ni kukaa. Hakuna anayesema. Vichwa vimeinama. Dakika zikapita, zikapita nyingine. Nikawaza mtihani wa kesho, nikajikemea. Nikawaza tena.

Ndipo nilipogundua jambo. Mtu aliyeinamisha kichwa msibani, hakuna anayemuuliza anatazama nini! Na mfukoni mwa shati, bila nia yoyote mbaya, mlikuwa na karatasi mbili za moyo nilizonakili jana. Nikaitoa moja taratibu, nikaiweka gotini ndani ya kiganja. Nikainama kwa huzuni. Chumba cha juu kulia. Chumba cha chini kulia. Mama mmoja mkabala nami alimnong'oneza jirani yake kwamba yule kijana msiba umemwingia sana.

Nilisahau kitu kimoja. Bibi sasa anaona.

Sikumsikia akigeuka. Niliona tu kidole chenye kovu kikitua juu ya karatasi, kikafuata mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho. Alikuwa anasoma. Kwa jicho lile lile nililokaribia kumkosesha. Aliichukua karatasi, akaikunja, akaikalia. Kisha akanyoosha mkono. Nikampa na ya pili. Akaikalia nayo.

Uso uliniwaka mpaka masikioni. Yule mama mkabala aliona yote. Binti mkubwa aliona yote. Wiki hii nimepata aibu za kila aina, naweza kuzilinganisha, na hii imezipita zote. Nikainama tena, safari hii kwa huzuni ya kweli, mpaka paji la uso likakaribia magoti.

Bahati nzuri, mapafu yalikuwa kwenye soksi.