Wilfried, Muuguzi Mwenye Uamuzi

Jumatatu, 5 Machi 2001. Baraka.
Mama Immaculée, mkuu wa zahanati, ametangaza: kati yetu wanafunzi wawili, mmoja atapokea wagonjwa pamoja naye. Mwingine atachemsha sindano. Clarisse achemshe! Huyo huuliza maswali mpaka mgonjwa anasinzia. Mimi nitasimama mlangoni, nitaje ugonjwa kabla mtu hajaketi. Muuguzi hodari ni mwepesi!

Jumanne, 6 Machi.
Nimetangaza malaria kwa kila aliyeingia. Wengi walikuwa nayo kweli. Mmoja tu hakuwa mgonjwa, alimsindikiza mkewe. Kosa lake. Alikuwa na uso wa homa.

Jumatano, 7 Machi.
Siku mbaya. Mama mmoja amefika kwa miguu kutoka Lubondja, wamekimbia risasi. Mtoto mgongoni amelegea kama kitambaa kilicholowa. Malaria! Nikaanza kuvuta kinini, dawa ya malaria, kwa sindano. Clarisse akamuuliza mama mtoto amekula lini. Tangu tukimbie, maji tu, akajibu. Mama Immaculée akanidaka mkono.
«Wilfried, weka chini! Kinini inashusha sukari ya damu; juu ya ile njaa, ungemumaliza!»
Wakamtilia sukari iliyoloweshwa chini ya ulimi, kidogo kidogo. Tukangoja. Mama yake hakulia, alimshika tu mguu. Hatimaye mtoto akafungua macho, akapiga yowe. Sijawahi kupenda kelele namna ile.
Walipompima, malaria alikuwa nayo pia! Hakuna aliyenisifu.

Alhamisi, 8 Machi.
Nachemsha sindano. Kuni mbichi, moshi machoni. Clarisse amepita kunishauri, kwa upole wa kuudhi, kwamba niulize kwanza, nimwangalie mtu vizuri, ndipo niamue. Nimemwambia moshi umeniziba masikio.

Ijumaa, 9 Machi.
Mama Immaculée na Clarisse wameitwa kwa mama anayejifungua. Nafasi! Akaingia Mzee Anatole, mvuvi wa Swima. Nikauliza, si ndivyo wanavyotaka? Akasema kiu haimwishi, kila saa yuko chooni, mwili hauna nguvu. Nikauliza kama amekula. Bado. Basi! Kikombe cha maji, sukari tele, nikakoroga vizuri. Mzee alikuwa amekifikisha mdomoni Mama Immaculée alipoingia na kumpokonya. Akapima mkojo wake. Ugonjwa wa sukari!
Nimerudishwa kwenye moshi. Eti niliamua bila kufikiri. Uongo mtupu! Nilifikiri muda wote niliokuwa nakoroga.