Ukoo wa Kijidudu cha Kumsenga

Kabla hakujakucha, mfuniko wa sufuria ulianza kugonga taratibu. Uji wa ulezi ulikuwa unachemka. Mama Ndayikeza alichomoa kuni moja ili wajukuu waendelee kulala, nao wakalala hadi kipaza sauti kilipowaamsha pamoja na Kumsenga nzima.

"Kamati ya Nasaba na Ukaazi wa Vimelea inawatangazia wananchi kuwa, kuanzia leo, hakuna kijidudu kitakachoruhusiwa kuharisha watu katika kata hii bila asili yake kujulikana."

Mama Ndayikeza aliona ni jambo la maana. Watu kumi na mmoja walikuwa wameugua tumbo wiki ile. Lakini tangazo liliendelea: kibanda cha uji sokoni kinafungwa, na kijidudu kikithibitika kuwa mgeni, mwenye kibanda ataondoka sokoni moja kwa moja.

Kibanda cha uji kilikuwa kimoja tu. Na wajukuu watatu walikula kwa kibanda hicho.

Alijifunga kitenge kizuri, akaenda kumwona mwenyekiti wa kamati, Bwana William.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana William, maana alikuwa na adabu.

"Marahaba, mwanangu. Kibanda changu kimekosa nini?"

"Hakijakosa. Ni suala la kitaalamu. Ndayikeza ni jina la ng'ambo."

"Nilipata uraia wewe hujahamishiwa huku."

"Wewe ulipata, mama. Hatuna uhakika na kijidudu." Akavuta fomu namba saba. "Jina, kabila, kijiji alichozaliwa, barua ya mtendaji. Wiki nzima hakuna kijidudu hata kimoja kilichojaza. Huoni hiyo ni dharau?"

Mama Ndayikeza alikiri kwamba ni dharau.

Pembeni alikuwepo Elieth, mtaalamu wa maabara kutoka Kasulu. Alimpisha bibi kiti chake, akabaki amesimama, jambo ambalo halikuandikwa kwenye muhtasari wa kikao.

"Fomu haihitajiki, bibi," alisema. "Kijidudu kikizaa, kinanakili vinasaba vyake kwa watoto. Mara mojamoja nakala inakosewa kidogo, na kosa hilo wajukuu wote wanalirithi. Tukilinganisha makosa, tunajua nani katoka kwa nani."

Bibi alifikiri. "Mama yangu alikuwa anaruka ukili mmoja akisuka kitako cha kikapu. Mimi naruka palepale. Binti yangu pia, na hajui kwa nini."

"Umeshaelewa, bibi. Kamati nimeieleza siku mbili."

Sampuli zikachukuliwa. Ili kuwapa wananchi mfano, Bwana William alikuwa wa kwanza kutoa choo chake. Alikikabidhi kikiwa ndani ya kikopo chenye utepe, akapigwa picha. Ni kweli kwamba tangu arudi kwenye semina Kasulu alikuwa anatoka vikaoni mara kwa mara, lakini kiongozi haharishi. Ratiba yake hubadilika.

Majibu yalipofika, wananchi waliitwa sokoni. Mama Ndayikeza alisimama mbele ya kibanda chake kilichofungwa, mikono imekamata pindo la kitenge.

Elieth alitundika karatasi yenye mchoro wa ukoo. "Wagonjwa kumi na mmoja wana kijidudu cha ukoo mmoja. Kwenye uji na vyombo vya bibi hakikuonekana. Mzee wa ukoo amepatikana kwenye kikopo chenye utepe. Naye ni ndugu wa vile vilivyowaharisha wajumbe wawili Kasulu, kwenye semina ya kunawa mikono."

Soko zima likamgeukia mwenyekiti.

"Kutoka Kasulu hadi kwa watu kumi na mmoja, kimepitia wapi?" aliuliza Bwana William, kama mtu anayeulizia jirani.

"Uliporudi semina ulizindua tangi la maji la soko, mwenyekiti," alisema Reverien fundi baiskeli. "Ulichota kwa mkono, ukanywa funda moja, yaliyobaki ukayarudisha tangini. Ukasema tushiriki wote."

"Tulipiga na makofi," aliongeza mama mmoja.

Bwana William alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ya tano aliiandika mwenyewe: atakayekutwa na mzee wa ukoo atakaa hemani nyuma ya zahanati siku saba. Aliisoma mara mbili akitafuta neno "isipokuwa". Hakuwa ameliweka.

Kibanda kikafunguliwa siku hiyohiyo. Tangi likamwagwa, likasuguliwa, likatiwa dawa, bila uzinduzi.

Siku ya tatu Mama Ndayikeza alimaliza kuuza mapema, akaenda zahanati na ndizi za kuchoma. Aliziweka mlangoni mwa hema, akakaa kwenye jiwe hatua tano nyuma, kama kanuni ilivyoagiza.

"Mwaramutse, mwanangu," alimwamkia kwa lugha ya kwao.

"Shikamoo, mama." Alikuwa amekonda, na shati lake halikupigwa pasi. "Kamati imenitumia barua ya pongezi. Nimekuwa kesi ya kwanza kutambuliwa kitaalamu."

"Wamekuja kukuona?"

"Wana vikao."

Bibi alimhadithia habari za soko: nani amepona, bei ya maharage, mbuzi aliyekula daftari la mgambo. Bwana William alicheka, kisha akala ndizi zote. Jua lilipoinama bibi akainuka, akakung'uta kitenge.

"Mama, kesho utapita?"

"Kesho ni gulio."

"Basi keshokutwa. Hata kama huna muda wa kukaa, njoo usimame kidogo hapo nje."