Mihimili Mitatu ya Paa Letu

Jumatatu, 4 Machi
Mapinduzi! Wapangaji wamekutana ngazini na kunivua uenyekiti wa jengo. Kisa? Ati sheria ya kuanika nguo kwenye paa nilitunga mimi, Fundi cherehani wa ghorofa ya tatu nikamkamata mimi, na kumhukumu nikamhukumu mimi. Sasa ubaya uko wapi? Kazi iliisha kabla chai yangu haijapoa! Fundi akasema hata nchi hugawa madaraka: bunge litunge, serikali itekeleze, mahakama iamue. Wakampigia makofi. Mtu huyu husoma magazeti ya kufungia nguo za wateja. Simwamini.

Jumanne, 5 Machi
Wagawe tu. Mihimili yote mitatu italala kwangu. Bunge: shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayekula kwetu kila Jumapili. Mahakama: mke wangu, maana jengo zima linamsifu kwa haki. Serikali: mimi na ufunguo wa paa. Tumepita bila kupingwa. Hata Fundi kanyoosha mkono. Kwa nini kanyoosha? Ana lake jambo.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji kaandika sheria nilivyomwambia: marufuku kuacha kitu chochote juu ya paa usiku. Shabaha yangu ni mashuka ya Fundi, yanayolala kwenye kamba na kuwatisha njiwa wangu. Njiwa hao, niseme wazi, nawapenda kuliko watu wengi wa jengo hili. Shemeji aliuliza kama tuongeze “isipokuwa”. Nikamwambia hiyo “isipokuwa” ndiyo mlango wa wezi.

Jumamosi, 9 Machi
Fundi kaanua mashuka mapema, kisha kanishtaki. Mimi! Eti banda la njiwa linalala juu ya paa. Kesi ilisikilizwa sebuleni kwetu. Nikamkonyeza jaji. Wapi! Nikajitetea kwamba njiwa si kitu, ni viumbe wenye roho. Jaji akakubali! Nikamcheka Fundi waziwazi. Ndipo jaji akasema njiwa wabaki, ila banda ni kitu, lishuke. Fundi akanong'ona kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisima gani? Jengo letu lina mabomba. Nikamkumbusha jaji kuwa mimi ni mumewe. Akasema hayo tutayazungumza chumbani, hukumu imeshatoka.

Jumapili, 10 Machi
Nimegundua siri. Mahakama ina mdomo tu! Hukumu natekeleza mimi, na mimi sitaki. Nimefunga paa, ufunguo umo ndani ya soksi. Nikipanda ngazi serikali inanichoma kisigino, lakini navumilia.
Shemeji hakuja kula. Yuko kwa Fundi. Wanazungumza nini?

Jumanne, 12 Machi
Njama! Bunge limepitisha sheria mpya: asiyetekeleza hukumu anyang'anywe ufunguo. Wapangaji wote wameafiki. Nikamuuliza shemeji kama kasahau sahani zangu. Akasema zile ni za dada yake. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.
Ufunguo au banda. Nilikaa ngazini nikalia. Vumbi lilikuwepo, lakini nililia. Kisha nikachagua ufunguo, maana mtu bila cheo ni nani? Nikabomoa banda kwa mikono yangu, njiwa wakinitazama. Mke wangu akanishikia misumari. Jaji akikusaidia, ujue anapanga kitu.

Alhamisi, 14 Machi
Njiwa wamehamia dirishani kwa Fundi. Kawatengenezea kibaraza cha mbao na kila asubuhi anawamwagia mahindi. Nimewapigia mluzi wetu. Wamegeuza shingo, wakaniangalia, wakaendelea kula. Wamehongwa! Fundi kaniambia niende kuwaona wakati wowote, mlango wake uko wazi. Mtego huo.
Mke wangu anasema yote haya yameletwa na tamaa. Hapana. Nimefikiri kwa kina na kosa nimeliona: nilishika mhimili usio wenyewe. Uchaguzi ujao nagombea ujaji. Ufunguo nitamwachia mke wangu, kwa sababu yeye hukumu huiheshimu hata ikimuuma. Kesi yangu ya kwanza ninayo tayari: mimi dhidi ya Fundi, wizi wa njiwa.
Hukumu nimeshaiandika.