Ndoo Namba Sifuri

Jumatatu, 3 Juni 2013

Awa, dada yangu wa Nhica, nilikuapia kwamba daftari hili halitakuficha kitu, hata yanayoniaibisha. Basi naanza. Professora Delfina, anayetufundisha kompyuta baada ya masomo, ana nafasi moja ya kozi ya likizo kule Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Moja! Ataipata atakayeandika programu ya kuusaidia mtaa. Nimechagua foleni ya bombani. Unajua desturi yetu: mtu hasimami, ndoo yake ndiyo inayosimama, mwenyewe anarudi jikoni. Zuleica, ninayesoma naye, naye kachagua bomba. Kaniiga. Anasema mimi ndiye niliyemwiga.

Jumanne, 4 Juni

Zuleica katengeneza safu ya nafasi ishirini. Ukishaitangaza hivyo kwa kompyuta, hairefuki tena. Nikamwambia ishirini ilikuwa Palma yetu ya kabla ya kampuni za gesi. Sasa wageni wanashuka kila siku, kila mmoja na ndoo yake. Akasema naringa.

Mimi natumia orodha inayorefuka. Kwanza nimeieleza kompyuta ndoo ni kitu gani: ina mwenyewe, ina rangi. Kutokana na maelezo hayo naunda ndoo nyingi kadiri nitakavyo. Kisha naiambia orodha "ongeza", nayo inapokea. Haigombi. Haiulizi umetoka wapi.

Jumatano, 5 Juni

Ugunduzi! Si lazima uongeze mwishoni. Unaweza kuchomeka ndoo popote. Na kompyuta huanza kuhesabu kwa sifuri, si kwa moja. Nikachomeka ya kwangu kwenye sifuri. Wote wakasogea nyuma bila kelele.

Mama Esperança, ambaye professora kapanga chumba kwake, akachungulia skrini tukifanya mazoezi barazani pake. Akauliza mbona ndoo yake, iliyofika kabla ya zote, iko chini ya yangu. Nikamwambia asome mwenyewe: yeye ni moja. Akaridhika, akanipa muhogo wa kuchoma. Niliula.

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya. Professora alikuja bombani kutazama. Alianza Zuleica. Ilipofika ndoo ya ishirini na moja, ya bwana mmoja wa kutoka Pundanhar, programu yake ikafa palepale. Nilijizuia kucheka. Sikufanikiwa.

Kisha mimi. Programu yangu inamwita aliye sifuri, inamwondoa akishateka, inakwenda moja, inakwenda mbili. Ikaniita. Nikateka. Ikaniondoa. Halafu ikamwita Jamaldine, aliyekuwa nyuma ya Mama Esperança! Ikaendelea hivyo: huyu anaitwa, anayemfuata anarukwa. Nusu ya foleni ikanigeukia.

"We mtoto," akasema Mama Esperança, "hiyo moja yako imenipatia nini?"

Professora akaeleza. Nilipoondolewa, Mama Esperança alisogea kwenye sifuri, lakini programu ilikuwa tayari inatazama moja. Usihesabu kwenda mbele huku unaondoa. Mwite aliye sifuri, mwondoe, mwite tena aliyeingia sifuri, mpaka orodha iishe. Kisha akauliza, kwa upole unaouma, ni nani hasa aliyefika wa kwanza leo. Nikasema yangu ilikuwa ndoo ya majaribio. Akaitazama. Ilikuwa imejaa.

Katupa muda mpaka Jumamosi, mimi na Zuleica. Nafasi ya Pemba bado ipo.

Ijumaa, 7 Juni

Zamu yangu ya kukaa na kompyuta ya shule. Nimerekebisha. Sasa inaita sifuri peke yake. Zuleica naye karekebisha: safu yake ina nafasi ishirini na tano. Maskini, hajifunzi.

Mimi nimejifunza. Anayeitwa ni aliye sifuri, siku zote. Kwa hiyo nimetia mstari mmoja mdogo: kila ndoo ikiondolewa, ndoo nyingine ya kwetu inachomekwa sifuri. Kesho nitateka maji ya nyumba nzima mbele ya professora mwenyewe, bila kusukumana na mtu. Mama Esperança atafuata mara tu baada yetu, orodha itaisha, nami nitafungasha kwenda Pemba.

Jambo moja tu linanikera. Nimeijaribu kabla ya kwenda kuswali. Ikaita jina langu, ikaita tena. Nimerudi, bado inaniita mimi tu, na Mama Esperança bado ni moja. Nadhani inataka ndoo zaidi ya tulizo nazo.

Ussene dereva anakuletea daftari hili jioni na anarudi alfajiri, kwa hiyo nijibu kwa mkono wake: hapo kwenu mna ndoo ngapi, na unaweza kuniazima zote?