Kitufe cha Kurasa Tupu

Jumatatu, 6 Oktoba

Zimebaki siku tano. Ijumaa miezi yangu sita ya majaribio inakwisha. Mkuu ameshatamka kwamba nafasi ya karani ni moja, na sisi makarani ni wawili. Mwenzangu tunamwita Ndiyo Mkuu, kwa kuwa hajawahi kumjibu Mkuu neno jingine. Mimi sina jina la utani. Nadhani bado hawajaniona.

Kazi yenyewe. Ofisi yetu inapima viwanja, kila kiwanja kina jalada lake, na majalada yako mia sita na kumi na mawili. Yote yapite kwenye skana, yaingie kwenye mfumo, kisha karatasi zitiwe maguniani. Ijumaa saa nne asubuhi gari la kiwanda litakuja kuyachukua magunia. Huko karatasi husagwa zikatoka trei za mayai. Nusu ya majalada ni yangu, nusu ni ya Ndiyo Mkuu. Yeye leo kamaliza themanini. Mimi ishirini na moja. Naogopa kuacha pini ndani ya mashine. Naogopa kukosea jina la jalada. Kila ukurasa naukagua mara mbili, halafu naogopa kwamba nimechelewa, naukagua mara ya tatu.

Mama Masjala, anayetunza majalada hapa tangu mimi sijazaliwa, hakuupenda mpango huu. Alisema kikaoni kwamba mfumo ni mgeni, na mgeni hakabidhiwi funguo zote siku ya kwanza. Mkuu akamwambia nyakati zimebadilika. Akajibu ni kweli, zimebadilika, ni paa la stoo tu ndilo bado linavujia palepale. Mkuu akafunga kikao.

Naandika haya kwa mkono, daftarini. Kwenye mfumo sithubutu. Nywila yake ni moja mbili tatu nne.

Jumanne, 7 Oktoba

Mungu hamtupi mja wake. Nimegundua kitufe.

Skana yetu husoma karatasi pande zote mbili, na nyuma ya karatasi karibu zote hakuna kitu. Kwa hiyo kila barua inatoka na ukurasa mweupe, na mimi naufuta kwa mkono, mmoja mmoja, kama mtu anayechagua mchele. Leo nikaona pembeni ya skrini maandishi madogo: Ruka kurasa tupu. Nikakibonyeza. Mashine ikaanza kuzitupa yenyewe, bila kuniuliza. Nikaacha kukagua. Mtu gani hukagua kisichokuwepo?

Majalada mia na arobaini kwa siku moja. Mkuu alipita, akatazama skrini yangu, akasema kijana huyu anajua kazi. Alimwambia mlinzi, si mimi, lakini nilisikia.

Ndiyo Mkuu akaja kuniuliza nimefanyaje. Nikamjibu kwamba siri ni utulivu wa akili. Akasimama nyuma ya kiti changu muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama utulivu.

Nyumbani nilimsimulia dada, ambaye ni fundi cherehani na ndiye ninayeishi kwake. Hakuinua macho kwenye kitambaa. Alisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nikamwambia ofisi yetu ina zulia.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemaliza saa saba mchana. Nusu yangu yote. Nikajaza magunia, nikayafunga, nikayakokota mwenyewe hadi stoo, na kusema kweli nilitembea ofisini nikipiga mluzi. Ndiyo Mkuu naye kamaliza saa nane. Sijui kapataje kasi hiyo. Sikutaka kujua.

Saa tisa akaingia mzee mmoja, kofia mkononi, anataka mchoro wa kiwanja chake. Jirani yake anajenga ukuta. Anadai kwamba ukuta umeingia upande wake hatua tatu, jirani anadai haujaingia hata unyayo, na fundi mwashi ameshakoroga saruji. Nikamwambia mzee wangu, kaa, zamani ungesubiri wiki, sasa ni dakika moja. Mkuu alikuwa anapita. Nilipaza sauti kidogo.

Nikafungua jalada lake. Barua ya maombi ipo. Stakabadhi ipo. Mchoro haupo.

Nikafungua jalada la pili. Barua, stakabadhi, basi. La tatu, la nne, la kumi. Wapima wetu huchora wakiwa juani porini, kwa penseli, mistari myembamba kama unywele, kwenye karatasi ambayo haina neno jingine lolote. Mashine ilitazama michoro ile ikaona weupe. Ikairuka yote. Nina majalada mia mbili na themanini na tano yanayosema kwa ufasaha ni nani mwenye kiwanja, na hayasemi kiwanja kiko wapi.

Nikamwambia mzee kwamba mfumo unasumbua, aje Ijumaa saa tatu. Akasema huyu Mfumo wamemtaja ofisi tatu wiki hii, na kila mahali anasumbua, kwa nini hafukuzwi? Aliuliza kwa dhati. Akaongeza kwamba amemwomba mwashi asubiri hadi Ijumaa, kwa hiyo mjukuu wangu usiniangushe, ile sehemu ndiyo yenye kisima.

Sikula. Dada aliuliza kama ninaumwa. Nilisema nimechoshwa na mafanikio.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mpango. Michoro yenyewe imo maguniani, magunia yamo stoo, na ufunguo wa stoo uko shingoni kwa Mama Masjala. Kumweleza ukweli ni kumpa kamba ya kuninyongea. Basi asubuhi nikamwambia kitambulisho changu kimedondokea guniani. Akauliza gunia lipi. Nikasema sikumbuki. Akavaa miwani, akanitazama kifuani. Kitambulisho kilikuwa kinaning'inia pale, na picha yangu inacheka.

Nikasema ni kile kingine.

Akavua ufunguo akanipa. Afadhali angenitukana.

Nikaingia stoo, nikarudishia mlango. Mchoro wa mzee niliupata kwenye gunia la tatu. Hapo akili yangu, ambayo huamka wakati isipotakiwa, ikanipa wazo: kama mashine haioni penseli, nipitishe kalamu ya wino juu ya mistari, kisha niskani upya kimyakimya, mmoja baada ya mwingine. Nikaanza na wa mzee. Upande wa kwanza safi. Wa pili safi. Nikiwa katikati ya upande wa tatu, ule wa jirani, mlango ukafunguliwa. Kalamu ikaruka. Kidogo tu, upana wa punje ya mchele.

Ni Ndiyo Mkuu. Akauliza nafanya nini sakafuni. Nikasema uhakiki wa ubora. Akautazama mchoro, akaitazama kalamu, na rangi ikamtoka usoni. Kumbe Jumanne aliona kitufe. Yeye pia amekibonyeza tangu siku hiyo. Michoro yake mingi imekwenda na maji.

Tukakaa juu ya magunia kama wafiwa. Tukahesabu: michoro karibu mia tano, kalamu mbili, na gari linakuja kesho. Ndiyo Mkuu akasema basi tufanye hivi, tuseme majalada yalitufikia hayana michoro. Nani alikuwa nayo kabla yetu? Mama Masjala. Umri wake huo, nani atamshangaa? Nikasema hapana, yule ni kama mama yetu. Akauliza kama mama yetu atatulipia kodi ya nyumba. Nikasema nipe nifikirie. Nimeandika nifikirie, na daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo niandike sawasawa: nilimwambia haya, tufanye hivyo.

Niliuskani mchoro wa mzee nikauchapisha. Ule wino umetoka mweusi, unapendeza. Karatasi yake nikairudisha guniani. Kuhusu lile kosa la punje ya mchele, nilijiambia kwamba ukuta ni kitu kikubwa, hautajali.

Ijumaa, 10 Oktoba

Saa tatu kamili mzee kafika. Kaja na jirani yake, na jirani kaja na mwashi, na mwashi ana saruji kwenye viatu. Mkuu akatoka ofisini kwake kushuhudia mfumo wake ukifanya kazi. Nikakabidhi mchoro kwa mikono miwili.

Mzee akausogeza mbali na macho, akausogeza karibu. Jirani akauchungulia begani kwake akaanza kutabasamu. Akasema si nilikwambia, ona, mpaka unakunja hapa, kisima ni changu. Mwashi akapima kwa kidole na kusema kwa kipimo hiki kona hiyo ya upana wa punje ni hatua nne. Akauliza kama arudi kazini.

Mzee hakupiga kelele. Alisema kisima kile alikichimba yeye na marehemu mkewe, na siku ya kupimwa alishika kamba mwenyewe, na ilikuwa imenyooka. Kisha akanigeukia mimi. Akaniuliza, mjukuu wangu, karatasi imesema hivyo kweli?

Mkuu akadakia kwamba mfumo haukosei. Ndiyo Mkuu akasema ndiyo, Mkuu, na kama kuna kasoro basi majalada yalikuja na kasoro kutoka masjala. Akaninyooshea kidevu nimalizie. Ilikuwa zamu yangu. Mama Masjala alikuwa amesimama mlangoni, miwani imeshuka kwenye uzi wake, ananitazama kama siku ile ya kitambulisho.

Nikafungua mdomo nimseme yeye. Nakiri. Mdomo ukafunguka kabisa. Lakini mzee alikuwa bado anasubiri jibu, kofia anaizungusha mkononi, na kilichotoka ni kwamba wino ni wangu. Nikajisikia nikiendelea: mpima alichora kwa penseli, mashine haikuona, mimi nikapitisha kalamu, mkono ukaruka, michoro mingine yote haimo kwenye mfumo, iko guniani, na gari liko njiani. Nilisema yote kwa pumzi moja. Ndiyo Mkuu akasogea hatua mbili pembeni. Kwa kipimo chetu ni nusu punje.

Mama Masjala akaenda stoo, akarudi na karatasi yenyewe. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Penseli huku, wino kule. Mstari wa penseli ulipita umenyooka kama ulivyosemwa na mzee, na kisima kilikuwa ndani. Mwashi akasema basi ngoja nikabomoe kabla haijakauka. Jirani akatoka bila kuaga.

Saa nne ikapita, gari halikuja. Mama Masjala akasema alimpigia dereva tangu Jumatatu, asije hadi amwite yeye. Mkuu akafoka kwamba nani alimpa ruhusa. Akajibu kwamba ruhusa ilitolewa na Mkuu mwenyewe kwa barua aliyoisaini mwezi Agosti, imo kwenye mfumo. Tukaitafuta nusu saa. Hatujaipata.

Hukumu ikatoka mchana. Nafasi haijapata mtu. Miezi mitatu mingine ya majaribio, mimi na Ndiyo Mkuu, chini ya Mama Masjala. Majalada yote yaanze upya, kila ukurasa utazamwe kwa macho. Nilipokwenda kumshukuru Mama Masjala kwa kutonifukuzisha, alisema hakunihurumia, alipiga hesabu tu: kufundisha mwingine kungemchukua muda mrefu zaidi. Akaniuliza kama nilitaka kumtaja yeye. Nikasema hapana, mama. Akasema, mwanangu, hata uongo hujui, kaa na kazi ya karatasi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemsaidia dada kukunja nguo. Aliuliza nimejifunza nini. Nikamwambia haraka haraka haina baraka, na mtu asiiamini mashine, na ukweli humwokoa mtu. Akasema nimesema vizuri, kama mtoto anayesoma ubaoni. Nikahisi nimekuwa mtu mwingine kabisa. Leo nitalala usingizi mnono.

Jumatatu, 13 Oktoba

Tumeanza upya. Kitufe cha kuruka kurasa nimekizima mbele ya Mama Masjala, akashuhudia. Kila mchoro nauinua, nautazama kwa macho, nauweka. Ndiyo Mkuu kufikia saa nne alikuwa na majalada arobaini. Mimi kumi na moja. Mkuu alipita, akatazama skrini ya Ndiyo Mkuu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Yangu hakuitazama. Miezi mitatu si mingi. Siku zinakwenda.

Kisha, kwa kutafuta namna ya kukoza penseli ionekane vizuri, kwa nia safi kabisa, nikafungua sehemu ya chini ya skrini ambayo sikuwahi kuifungua. Kuna kitufe. Kinaitwa Nyoosha mistari.

Ni kitu cha ajabu. Penseli inakolea yenyewe, mikunjo inaondoka, pembe zinakaa sawa. Viwanja vyote vinatoka mraba, safi, kama vigae. Hadi adhuhuri nilikuwa na majalada tisini na sita, na kila mchoro naukagua kwa macho kama nilivyoagizwa. Hakuna hata mmoja mtupu. Mkuu amerudi, akasimama nyuma yangu, akasema hizi sasa ndizo ramani.

Ndiyo Mkuu ameanza tena kuzungukazunguka kiti changu. Safari hii nimeziba skrini kwa mkono.

Kuna majalada kumi na tisa ya viwanja vya kandokando ya mto. Nilikuwa naogopa ningechelewa hapo, maana mto wenyewe una kona nyingi na kila kona ni mpaka wa mtu. Nimeyamaliza kwa dakika nane. Mto umenyooka kama rula.