Mume Wangu Anacheleweshwa na Mimi

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,
Machi 1976

Shikamoo. Mimi Emerensiana, mke wa Alois, ninamlalamikia Mwalimu Asajile wa Mazwi, anayefundisha watu wazima kukaa kimya na kufumba macho hadi waione nuru.

1. Alois amekaa kimya mwaka mzima, nuru hajaiona. Mwalimu akasema kosa ni la maharage. Tukaacha maharage, tena mwaka yalipokubali. Giza likabaki pale pale.

2. Ndipo akaambiwa giza ndiyo dalili njema: uchafu unaoza ndani kama nyasi ndani ya ntumba, yale matuta yetu ya kufukia nyasi. Mfipa ukimtajia ntumba umemmaliza. Lakini sisi nyasi tukishazifukia zikaoza, mvua zikirudi tunalifumua tuta tunapanda. Huyu wangu hafumuliwi wala hapandwi. Juzi majirani wamekuja kutulimia matuta, wamekunywa pombe yangu ya ulezi, mwenye shamba yuko ndani anaoza.

3. Anayefanikiwa, sifa ni za Mwalimu. Anayekwama, kosa ni lake mwenyewe. Kwa utaratibu huo, naomba Mwalimu akabidhiwe na shamba la kijiji. Mahindi yakikauka atatueleza kuwa yameiva kwa ndani. Taarifa zetu za kwenda Wilayani hazitabadilika sana.

4. Hili ndilo linaloniuma. Sasa kizuizi kimegunduliwa, nacho ni mimi. Eti mashaka yangu yanamvuta nyuma, hivyo anirudishe kwa wazazi wangu. Nimemzalia, nimemuuguza, jembe nimelishika peke yangu, leo nimekuwa ukungu. Jana amehamia kwa Mwalimu, na nimelia.

Naomba Mwalimu aitwe barazani aseme ni jambo gani likitokea atakubali kwamba kasoro iko kwenye mafundisho yake. Alois naye arudishwe nyumbani, ameiona nuru au hajaiona.

Nisalimie mama watoto, Katibu, na balozi wetu mguu wake ukipona.

Ni mimi niliyebaki na matuta,
Emerensiana

Baada ya kuandika: Alois amerudi asubuhi hii. Ameambiwa amefuzu, sasa anifundishe mimi. Nimefumba macho hadi ugali umeungua, sijaona kitu. Anasema ninacheleweshwa na kumng'ang'ania mume. Ndugu Mwenyekiti, katika maelezo yao yote hili ndilo la kwanza kuniingia akilini. Barazani usimwite mtu. Naomba Alois arudishwe kwa Mwalimu upesi, nisije nikaikosa nuru.